Maswali na Majibu: Mapafu Safi, Mgonjwa Bado Yuko Mashineni

*Kaka yangu yuko kwenye mashine ya kupumulia kwa wiki ya sita hapa Dodoma. Nimonia imepona na picha ya kifua ni safi, lakini kila akitolewa anazidiwa. Msomaji, Manyoni.*

Mapafu na moyo vikiwa vizima, itazamwe misuli inayovuta pumzi. Mara nyingi udhoofu wake huletwa na maambukizi mazito na kulala kitandani muda mrefu. Lakini yapo magonjwa adimu ya misuli ambayo mgonjwa alikuwa nayo siku zote, nimonia ikaja kuyafichua tu. Ugonjwa wa Pompe ni mmojawapo: kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za mwili) kinachovunja glikojeni, yaani sukari ya akiba, ndani ya misuli hupungua, glikojeni hurundikana, na kwa mtu mzima kiwambo, msuli mkuu wa kuvuta pumzi ulio chini ya mapafu, kinaweza kuchoka ilhali miguu bado inamtembeza. Kwa hiyo mwelezeni daktari, hata kabla hajauliza, alivyoishi kabla ya kulazwa: je, alilala akiegemea mito, aliamka na maumivu ya kichwa, alijisukuma kwa mikono ili ainuke kwenye kigoda? Hayo hayaonekani kwenye eksirei, nanyi ndio mnaoyajua. Kama aliwahi kuambiwa kuwa vipimo vya ini vimepanda, litajeni pia, kwani vimeng'enya hivyo hutoka hata kwenye misuli, kisha ulizieni kipimo cha kreatini kinase, kimeng'enya kinachopanda kwenye damu misuli ikiumia.

*Ukoo wetu hauna ugonjwa huo. Msomaji, Kongwa.*

Hilo halitoshi. Pompe hurithiwa kwa wazazi wawili ambao wenyewe ni wazima.

*Je, mashine haimfanyi mgonjwa azoee? Wasomaji wengi.*

Nimelijibu mara nyingi. Kiwambo hulegea kweli mashine ikifanya kazi yote, ndiyo maana mgonjwa hujaribiwa kupumua mwenyewe kidogo kidogo. Hilo halimpi ndugu yeyote ruhusa ya kudai mashine izimwe kabla chanzo hakijatafutwa. Nawaomba msiniulize tena bila kueleza mgonjwa amepimwa nini.

*Dawa zipo? Msomaji, Kondoa.*

Inategemea ugonjwa. Miasthenia gravis, ambamo kinga ya mwili hushambulia mahali neva inapokutana na msuli, hutibiwa kwa piridostigimini na dawa za kupunguza nguvu ya kinga. Mgonjwa wa aina hiyo anaweza kuzidiwa akidungwa jentamaisini au magineziamu, dawa za kawaida kabisa wodini, hivyo wahudumu wote waambiwe mapema. Pompe ina kimeng'enya cha kudungwa mshipani kila wiki mbili, kilichoidhinishwa mwaka 2006, kwa bei kubwa mno. Hata asiyekipata hunufaika kwa kujua ugonjwa wake, maana ndugu zake watapimwa.

*Tumpeleke nyumbani na mtungi wa oksijeni? Msomaji, Bahi.*

Hapana. Misuli dhaifu hushindwa kutoa hewa chafu, na oksijeni peke yake inaweza kuificha hatari hiyo huku mgonjwa akizidi kusinzia.