Farasi Wangu Ameshinda Mara Tatu Mfululizo, Mbona Ameniangusha?

Swali: Kila siku ya mbio nachukua ratiba, naangalia namba za fomu (nafasi alizomaliza katika mbio zake zilizopita) pembeni ya jina la farasi, na katika kila shindano namchagua mwenye 1 nyingi. Jumamosi niliweka farasi sita kwenye mkeka mmoja, dau moja linalolipa wote sita wakishinda tu. Wa kwanza alikuwa ameshinda mara tatu mfululizo, akamaliza wa tano, mkeka ukachanika hapohapo. Sasa kuna mtu ananitumia farasi wa uhakika kwa simu. Siku tatu alinipa bure, farasi mmoja kila siku, na wote watatu walishinda. Leo anataka ada ya mwezi. Nimlipe, au kuna namna ya kuchambua mwenyewe nikampata mshindi?

Jibu: Usimlipe. Sababu nitaifikia. Kwanza tumalizane na farasi wako mwenye 1 tatu, maana swali hili linanifikia kila wiki kwa sura mbalimbali, na karibu kila anayeuliza amejikwaa palepale ulipojikwaa wewe: neno “uhakika”.

Kabla sijageukia uchambuzi nilikaa miaka mingi kwenye kazi ya kupanga odi, yaani bei ambazo kampuni ya kubeti hulipa kwa kila farasi. Katika chumba kile sikuwahi kusikia mtu akiulizwa nani atashinda. Tulikuwa tunaulizana hivi: shindano hili likikimbiwa mara mia, farasi huyu atashinda mara ngapi? Tungeweza kubishana asubuhi nzima kama ni mara 20 au mara 25, na ubishi huo ndio uliokuwa kazi yenyewe. Wewe unaisoma ratiba ukitafuta jina moja. Anayepanga odi anaisoma akitafuta sehemu ya kila farasi katika ile mia, mpaka yule wa mwisho ambaye hakuna anayemtazama.

Sasa tazama zile 1 tatu. Zinakuambia alimaliza wa kwanza, basi. Hazisemi aliwashinda akina nani, kwa umbali gani, kwenye ardhi ya namna gani, wala alibeba nini mgongoni. Kama alishinda katika handikapu, yaani mbio ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi, ushindi wenyewe ulimwongezea mzigo. Uingereza, ambako mfumo huu umekomaa tangu karne ya 19, pointi moja ya daraja, yaani kipimo cha ubora wa farasi, ni ratili moja ya uzito. Chukua mfano farasi wako alipandishwa pointi 9 baada ya ushindi wa tatu. Hizo ni ratili 9, yaani kama kilo 4. Wachambuzi wana kipimo chao cha haraka: katika mbio fupi sana ratili 3 ni sawa na urefu wa farasi mmoja, katika maili moja ni kama ratili 2, na katika safari ndefu ratili 1 tu inatosha. Kwa hiyo katika maili moja amerudishwa nyuma urefu wa farasi wanne na nusu kabla lango halijafunguliwa. Alishinda mara ya mwisho kwa urefu wa farasi wangapi? Kama ni wawili, basi hata akikimbia vilevile alivyokimbia siku ile, amepitwa. Lazima awe bora zaidi ya siku ile. Huenda akawa, hasa akiwa bado mdogo na anaendelea kukua, lakini hilo linataka ushahidi, na 1 tatu pekee si ushahidi wake.

Ardhi na nafasi ya kuanzia utajifunza haraka, sitakaa sana hapo. Farasi aliyepata ushindi wake wote kwenye ardhi kavu, mvua ikinyesha usiku kucha, mtazame kama mgeni. Na viwanja havifanani: Chester, kwa mfano, ni duara dogo lenye kona karibu muda wote, na katika mbio fupi anayeanzia upande wa ndani ana faida kubwa juu ya anayeanzia nje.

Ninachotaka ukae nacho ni kasi, maana ndicho kitu ambacho namba za fomu hazikionyeshi kabisa na ndicho wauza uhakika hawakizungumzii kamwe. Kabla ya kutafuta mshindi, jiulize nani ataongoza mita mia chache za mwanzo, na je, atakuwa peke yake? Farasi anayependa kwenda mbele akiachiwa uongozi bila kusumbuliwa hupumua, hupunguza mwendo anavyotaka, na mwishoni bado ana nguvu. Farasi yuleyule akiwekwa na wenzake watatu wenye tabia hiyohiyo, wote huchomana mapema na mlango unafunguka kwa waliotulia nyuma. Kentucky Derby ya 2022, shindano kubwa la Marekani, ni somo zuri la jambo hili. Robo maili ya kwanza ilikimbiwa kwa sekunde 21.78, haraka kuliko wakati wowote katika historia ya shindano hilo. Rich Strike, aliyeingia kwenye orodha siku moja tu kabla baada ya mwingine kujitoa, alikuwa karibu na mkia wakati huo. Alishinda kwa odi ya 80 kwa 1, yaani faida ya 80 kwa kila 1 uliyoweka. Sidai kwamba ungeweza kumtaja asubuhi, na mimi sikumtaja. Ila aliyesoma kasi ya siku ile alikuwa na sababu ya kuwashusha wanaokimbilia mbele na kuwapandisha kidogo wote wanaotokea nyuma, na kule kupandisha na kushusha ndiko ninakokuita kuchambua.

Kuhusu farasi asiyeshindwa, kumbukumbu zipo. Zenyatta wa Marekani alikuwa na ushindi 19 katika mbio 19. Katika ya 20, Breeders' Cup Classic ya 2010, farasi aitwaye Blame alimshinda kwa urefu wa kichwa tu. Big Brown aliingia Belmont Stakes ya 2008 akiwa hajawahi kushindwa, odi yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba dau halikuwa na faida ya maana, akamaliza wa mwisho. Mshindi, Da' Tara, alikuwa 38 kwa 1. Hawa ni miongoni mwa farasi waliochunguzwa kuliko wote duniani, kila mazoezi yao yakitazamwa na waandishi wa habari. Kama kwao uhakika haukuwepo, huyo wa kwenye simu yako kautoa wapi?

Na hata ungekuwa na jicho zuri kweli la kuona nafasi, bado kuna bei. Odi ikiandikwa 2.50, kila 100 ikishinda inarudi 250, dau likiwemo; inasema farasi ana nafasi ya asilimia 40, 4.00 inasema 25, 5.00 inasema 20. Chukua shindano la farasi saba wenye odi 2.50, 4.00, 5.00, 8.00, 10.00, 20.00 na 25.00. Zijumlishe asilimia zao utapata 116.5. Zile 16.5 za ziada ndizo mshahara wa kampuni, na unazilipa wewe kila unapoweka dau, ushinde ushindwe. Katika mbio za farasi duniani, yule anayepewa nafasi kubwa kuliko wote hushinda takriban shindano moja kati ya matatu. Akiwa na nafasi hiyo na wewe ukampata kwa 2.50, katika muda mrefu kila 100 unayoweka inarudi kama 83. Hukukosea farasi, umekosea bei.

Watu hawaamini kwamba bei inaweza kwenda njia yake na farasi akabaki alivyo, kwa hiyo nitawakumbusha uwanja wa Ascot, Uingereza, tarehe 28 Septemba 1996, siku joki (mpanda farasi) Frankie Dettori aliposhinda mashindano yote saba. Wauza orodha wanaipenda siku hiyo kwa sababu odi za pamoja zilikuwa 25,051 kwa 1. Mimi naipendea kitu kingine. Farasi wake wa saba, Fujiyama Crest, alifunguliwa kwa 12 kwa 1, na kufikia wakati wa kuanza alikuwa 2 kwa 1. Miguu yake haikuwa imebadilika tangu asubuhi. Kilichobadilika ni fedha za watu waliomfuata joki. Alishinda, ndiyo, na waliompata kwa 12 walifanya vizuri. Aliyemchukua kwa 2 kwa 1 alinunua kwa bei ya furaha ya watu wengine, na tabia hiyo akiirudia mwaka mzima itammaliza.

Sasa mkeka wako wa farasi sita. Tuseme kila mmoja ana nafasi yake ya moja kati ya tatu kwa odi ya 2.50. Wote sita kutoka pamoja ni mara moja kati ya 729. Ungebeti kila siku, ni karibu miaka miwili kwa ushindi mmoja, na huo ushindi utakulipa mara 244 ya dau, si 729. Ile 83 kati ya 100 imejizidisha yenyewe mara sita na kushuka hadi kama 33. Ndiyo maana kampuni hutangaza mikeka mirefu kwa picha kubwa. Ukitaka kuendelea kubeti, vunja mkeka. Shindano moja, farasi mmoja, na siku nyingi usiweke chochote, kwa sababu siku nyingi hakuna bei inayozidi nafasi uliyokadiria.

Tumrudie huyo bwana wa simu. Unasema alikupa watatu na wote wakashinda, na naelewa kabisa kwa nini imekugusa. Ila sikiliza inavyofanyika. Anatafuta namba za watu 7,776 na shindano la farasi sita. Anawagawa makundi sita sawa, kila kundi analitumia farasi wake. Lazima kundi moja lipate mshindi: watu 1,296. Waliobaki anawaacha. Kesho anawagawa hawa 1,296 mara sita tena, wanabaki 216 waliopata mara mbili. Keshokutwa wanabaki 36 ambao wameona kwa macho yao mtu akitabiri washindi watatu bila kukosea hata mmoja, bure. Hao 36 ndio anaowaomba ada. Hakuhitaji kujua farasi ana miguu mingapi. Wewe huwezi kuwaona wale 7,740 alioanza nao kisha akawaacha, na kutowaona huko ndiko anakouza. Huu ni mbuzi kwenye gunia, na inanikera sana kuona watu wanauza simu au kukopa ili walipie mwezi wa kwanza, kisha wa pili ili kurudisha wa kwanza.

Kuna wengine wanaosema joki amewaambia, au shindano limepangwa. Jiulize tu: mtu mwenye siri ya kweli akiwaeleza watu mia, wote wakaweka dau, odi inaporomoka kama ya Fujiyama Crest na siri yake inakosa thamani kabla ya farasi kutoka zizini. Mwenye nayo angenyamaza. Wengine huonyesha picha za mikeka iliyoshinda. Omba yote ya miezi sita, iliyoshinda na iliyochanika, kila mmoja ukiwa na saa ulipotumwa na odi iliyokuwepo saa hiyo. Mimi nimeomba hivyo mara nyingi, na jibu ninalopata huwa ni kuzuiwa namba.

Kwa wiki nne zijazo usiweke dau. Chukua shindano moja kwa siku, andika asilimia ya kila farasi mpaka jumla iwe 100 kamili, ndipo ufungue odi. Baada ya hapo hesabu: wale uliowapa asilimia 20, walishinda mara moja katika tano, au mara moja katika kumi? Ukiona uliwapa sana waliokuwa na 1 nyingi kwenye fomu, niandikie tena na karatasi zako zote.