Kabla Hujaifungua Rafadha ya Kujilaza: Magamba, Grisi na Zinki

Kwa miaka tisa nimekuwa nikitunza boti ya tanga ya mita 10.5 inayolala kwenye hori la Kilifi, na katika muda huo hakuna kifaa kilichonifundisha uvumilivu kuliko rafadha yake, yaani propela inayoisukuma majini. Ilinijia ikiwa na Max-Prop ya mapanga matatu, rafadha ya Kiitaliano ya aina ambayo mapanga hujilaza boti inapokwenda kwa tanga. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu wanaomiliki au kutunza boti kama hizi pwani yetu, kwa sababu nimeona rafadha nzuri zikivuliwa na kuuzwa kama chuma chakavu, ilhali kilichozisibu kingeondolewa kwa asubuhi moja ya kazi.

Ni lazima kwanza tuelewane jinsi inavyofanya kazi. Katika rafadha ya kawaida mapanga yameshikana na kitovu moja kwa moja, na boti inapovutwa na tanga mapanga hayo huyakinga maji na kuikokota nyuma, kama muogeleaji aliyefungua viganja vyake mbele. Katika rafadha ya kujilaza, kila panga huzunguka kwenye shina lake. Ndani ya kitovu shina hilo lina gia ya meno ya mshazari, na gia zote za mapanga hukamatana na gia moja ya katikati iliyofungwa kwenye shafti. Injini ikizungusha shafti kwenda mbele, gia ya katikati huyageuza mapanga mpaka yafike kwenye kikomo cha pembe yake. Ikizungusha kinyume, mapanga hugeukia upande wa pili, na hiyo ndiyo sababu rafadha hii husukuma vizuri sana katika rivasi. Shafti ikisimama wakati boti bado inakwenda, maji yenyewe huyalaza mapanga hadi makali yake yaelekee omo, yaani mbele ya boti. Hakuna springi wala pampu inayoyasaidia. Maji peke yake ndiyo yanayoifanya kazi hiyo, na nguvu ya maji ni ndogo, kwa hiyo chochote kinachoyafanya mapanga yawe mazito kugeuka kitaiharibu tabia ya rafadha nzima, hata kama kila jino la gia bado ni zima.

Jambo hilo sikulielewa mwaka wa pili. Tulikuwa tunarudi kutoka Wasini wakati wa kusi, upepo ukiwa nyuma yetu na mkondo ukitusukuma kaskazini, lakini boti ilikuwa nzito, na nilipoinua ubao wa sakafu juu ya injini niliiona shafti ikizunguka mfululizo ingawa injini ilikuwa imezimwa. Niliamua papo hapo kwamba gia za ndani zimelika. Bamvua iliyofuata, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, niliipweleza boti ufukweni, nikakifungua kitovu bila kuweka alama hata moja, nikakikuta ndani kizima kabisa, kisha nikakirudisha panga moja likiwa limeruka jino moja. Nilipowasha injini, boti ilitetemeka hadi sufuria zikagongana jikoni. Nililazimika kusubiri bamvua nyingine, majuma mawili, ili nirekebishe kosa langu. Ugonjwa wa awali ulikuwa magamba, vile viumbe vidogo vya baharini vyenye ganda gumu, yaliyoota kwenye mwanya kati ya mashina ya mapanga na kitovu, na grisi iliyooza. Basi.

Ukiona shafti inazunguka chini ya tanga, anza na mkono wako mwenyewe kwenye gia kabla ya kuilaumu rafadha. Mapanga hayalali kama injini imezimwa gia ikiwa kwenye nyutro, kwa sababu shafti huendelea kuzungushwa na maji, na maadamu inazunguka mapanga hubaki yamefunguka. Njia inayofaa ni kwenda mbele kwa noti 2 au 3 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), kushusha injini hadi sailensa, yaani inguruma taratibu bila kuongezewa mafuta, kisha kuizima gia ikiwa bado mbele. Ukinzani wa injini iliyozimika huisimamisha shafti, na kwa muda mfupi mapanga hulala. Baada ya hapo rudisha gia kwenye nyutro na utazame shafti: boti ikienda noti 5 na shafti imetulia tuli, mapanga yamelala, ikianza kuzunguka, hayakulala, na utawasha injini urudie. Wenye giaboksi ya haidroliki wajue kwamba injini ikizimwa giaboksi hiyo haiishiki shafti, hivyo huhitaji breki ya shafti. Nimewahi kumwona mwenye boti akiagiza gia mpya kutoka Ulaya, na tulipotoka naye baharini ilionekana kwamba tatizo lake lote lilikuwa kuzima injini akiwa nyutro.

Kama utaratibu huo unafuatwa na bado mapanga hayalali, vaa miwani ya kuogelea ushuke chini, baada ya kuutoa ufunguo wa injini na kuuweka mfukoni mwako, si mezani. Katika maji yetu ya uvuguvugu boti iliyolala horini majuma matatu bila kutembea huota magamba ya kutosha kuzuia panga kufika mwisho wa safari yake. Magamba ya usoni mwa panga hupunguza mwendo, lakini yanayodhuru zaidi ni madogo yanayoingia pale shina linapotokea kitovuni. Yakwangue kwa kipande cha mti mgumu au cha plastiki, usitumie tindo, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye ukingo ule unakaribisha magamba mengine. Chukua pia kisu. Nyuzi za nyavu na kamba za mashamba ya mwani hujiviringisha mbele ya kitovu, zikajibana kati yake na fani ya shafti, yaani beringi yake, na kutoka juu huwezi kuzihisi mpaka zimeanza kuyeyuka kwa joto na kuwa kipande kimoja kigumu.

Sasa nije kwenye grisi, ambayo kwangu ndiyo nusu ya matunzo yote. Mimi huitia kila baada ya miezi sita, wakati wa bamvua. Katika pwani hii bamvua hupwa sana takriban saa nne asubuhi, jambo ambalo ni neema kubwa kwa fundi: ukiifunga boti kando ya nguzo wakati wa maji makuu ya alfajiri, ifikapo saa tatu rafadha iko wazi, na una saa tatu hivi za kufanya kazi mchana kweupe kabla maji hayajarudi. Ninatandika turubai chini ya tezi, yaani nyuma ya boti, ili skrubu ikidondoka isimezwe na matope. Kisha kabla ya kutia chochote, ninaishika shafti isizunguke na kuyageuza mapanga kwa mikono kutoka mbele hadi rivasi. Yanapaswa kwenda kwa vidole, kwa ulaini wenye uzito kidogo, kama kijiko ndani ya asali, na yote matatu yatembee pamoja. Ukisikia mchanga ukisaga, au ukilazimika kutumia bega, grisi imekwisha.

Nakumbuka vizuri asubuhi ya ile bamvua ya pili. Mapanga yalikuwa yamegoma, na nilikuwa nimeshaiinua nyundo ya mbao, ndipo mzee mmoja fundi wa majahazi aliyekuwa akikalafati mashua jirani akaja akasimama nyuma yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akakitazama kitovu kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, weka nyundo chini. Lete birika la maji ya moto." Tuliyamimina taratibu juu ya kitovu, birika mbili, na kwenye tundu la skrubu pakaanza kutoka ute wa kijivu uliochanganyika na maji, mweupe kingo zake kama maziwa yaliyokatika, na ndani yake punje za mchanga zilizong'aa juani. Panga la kwanza likasogea. Mzee yule hakuwahi kuishika rafadha ya namna hiyo maishani mwake, lakini aliijua grisi iliyooza kwa kuitazama tu.

Ute wa maziwa ni dalili ya grisi isiyofaa baharini, ile ya magari ya kawaida, ambayo maji huiingia na kuichanganya. Tafuta grisi ya baharini isiyochukuliwa na maji, na usikubali yenye grafaiti hata ukiambiwa ni bora kwa gia, kwa kuwa grafaiti ikikutana na aloi ya shaba ndani ya maji ya chumvi huifanya aloi hiyo iliwe. Kwenye rafadha yangu natoa skrubu mbili za kitovu, nafunga chuchu ya grisi kwenye tundu moja, nasukuma kwa pampu ya mkono polepole huku nikiyageuza mapanga, mpaka grisi safi itokee tundu la pili bila tone la maji wala rangi ya kijivu. Kisha chuchu inatoka, skrubu zinarudi. Chuchu isiachwe ndani isipokuwa mtengenezaji amesema hivyo.

Kipande cha zinki hukaa kwenye ncha ya kitovu, nayo huliwa na chumvi ili kitovu kisiliwe. Ibadilishe inapofikia nusu, usingoje iishe, kwa sababu katika wiki zile za mwisho skrubu zake hulegea na kipande kizima huweza kuanguka usiku mmoja. Mahali inapokaa pasuguliwe kwa msasa hadi chuma king'ae, kwani zinki iliyofungwa juu ya rangi au magamba haikingi kitu, na isipakwe rangi yenyewe. Aloi ya kitovu ikiwa imeanza kugeuka rangi ya waridi, mithili ya sarafu mpya ya shaba, ina maana kwamba zinki iliyomo ndani ya aloi inatoka na chuma kinabaki dhaifu kama biskuti. Gonga kidogo: kizima hulia kama kengele, kilicholiwa hutoa sauti butu. Dalili hiyo ikionekana, na hasa boti yako ikiwa hufungwa gatini penye umeme wa nchi kavu, tafuta uvujaji wa umeme kabla ya kununua zinki nyingine. Ukiongeza anodi, yaani kipande kingine cha zinki, juu ya shafti, iache mbali na kitovu kiasi cha kuyapa mapanga nafasi ya kulala. Nimeona rafadha iliyosumbua msimu mzima kwa sababu anodi ilisogezwa nyuma kwa upana wa kidole.

Mlio wa "kop" unapobadilisha gia kutoka mbele kwenda rivasi ni wa kawaida, ni mapanga yanayofika kikomo, ila ubadilishe ukiwa sailensa na upumzike kidogo kwenye nyutro. Mtetemo ni habari nyingine. Anza na kilicho rahisi: magamba kwenye panga moja, kamba iliyonasa, kisha fani ya shafti, ambayo utaipima kwa kuishika shafti na kuitikisa juu na chini. Ikiwa mtetemo ulianza siku rafadha ilipofunguliwa, basi jibu unalo tayari: panga limeruka jino.

Pembe ya mapanga, injini huijua kuliko macho. Injini yangu ni Yanmar 3GM30, ambayo mzunguko wake wa juu ni 3600 kwa dakika. Ikikomea 2800 huku ikitoa moshi mweusi, na rafadha ni safi, pembe ni kubwa mno. Ikifika 3600 kwa wepesi na boti haina mwendo, pembe ni ndogo. Katika rafadha za zamani kuibadilisha kunahitaji kufungua kitovu na kufuata herufi zilizogongwa kwenye gia, wakati nyingi za sasa hurekebishwa kwa nje.

Ukilazimika kufungua, piga picha kila hatua, na uweke alama kwa patasi ndogo au kalamu ya rangi kwenye kila panga, tundu lake na gia ya katikati. Nusu mbili za kitovu zilichongwa pamoja na haziwezi kuchanganywa na za rafadha nyingine. Kabla ya kurudisha, lijaribu shina la kitovu kwenye mshazari wa shafti, pale inapochongoka, bila kabari yake, kile kipande cha chuma kinachozuia kitovu kuteleza juu ya shafti, uweke alama linapoishia, kisha urudie ukiwa na kabari. Lisipofika alama ileile, kabari inalinyanyua na nati itakudanganya kwamba imekaza. Pini ya kufungia nati iwe mpya kila mara.

Maji yakirudi, kabla hujaiachia boti kamba, mtu mmoja awe chini ndani ya boti akitazama kama maji yanapenya pale shafti inapoingia. Kisha mimi hutoka hadi katikati ya hori, napandisha tanga la mbele tu, nazima injini gia ikiwa mbele, narudisha nyutro, nainua ubao na kuweka kidole karibu na shafti bila kuigusa. Bamvua ile, baada ya birika mbili za maji ya moto, ilizunguka mara moja na nusu, ikasita, ikatulia.