Nabii Asiyetaka Kuulizwa

SWALI: Mchungaji, nauza mukene (dagaa) sokoni Busia. Kuna nabii anaombea watu kwa jirani yangu. Alisema Mungu amemwonyesha kwamba cherehani niliyoachiwa na marehemu mama ina laana, niiuze, pesa nimpelekee kabla ya Ijumaa. Nilipoomba siku mbili nifikirie, akasema anayemtilia shaka yeye amemtilia shaka Mungu. Tangu hapo silali. Nitajuaje kama ametumwa kweli? – Mama wa Busia

JIBU: Dada yangu, cherehani usiiuze. Hilo kwanza.

Ni kweli Mungu husema kwa vinywa vya watu. Musa alipolalamika kuwa ulimi wake ni mzito, alipewa Haruni nduguye amsemee. Lakini Torati hiyohiyo, Kumbukumbu 18, inawaruhusu wasikilizaji kumpima nabii: asemalo lisipotukia, si neno la Bwana. Paulo naye aliwaambia Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo akaongeza: jaribuni mambo yote. Kwa hiyo kuomba siku mbili hukumkosea Mungu.

Soma Yeremia 28, polepole. Yeremia ana nira shingoni, ishara kwamba watu watamtumikia mfalme wa Babeli. Nabii mwingine, Hanania, anasimama hekaluni mbele ya makuhani, anatangaza kwamba ndani ya miaka 2 vyombo vya hekalu vitarudi. Yeremia anamjibu, "Amina!" Alitamani iwe kweli. Hanania anamvua ile nira na kuivunja. Yeremia hapigi kelele, hatishi mtu. Anakwenda zake, na neno la Bwana linamjia baadaye. Kila nikifika hapo nafunga kitabu kwa muda kidogo. Aliyetumwa kweli aliweza kungoja. Huyu wako ana haraka ya Ijumaa.

Naandika kwa uchungu, maana sisi Uganda tumeuona msiba wa Kanungu, kusini-magharibi mwa nchi. Watu waliambiwa na viongozi wa kundi la dini kuna maono ya Bikira Maria, wakauza mali zao, wakafuata. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya nyumba yao ya ibada, watoto wakiwemo.

Waebrania inaanza hivi: Mungu alisema zamani na baba zetu katika manabii, na mwisho wa siku hizi amesema na sisi katika Mwana. Na huyo Mwana, Tomaso alipokataa kuamini mpaka aguse makovu, hakumfukuza. Alimwambia, lete kidole chako.

Nabii akirudi, mwambie mchungaji wa kanisa lako anataka kukaa naye, muulizane na kuomba pamoja, nawe ukiwepo. Ukimaliza kusoma barua hii, ifunue cherehani ya mama, itie mafuta, uwashonee watoto.