Ndege zikishindana, mbona Desemba nauli inapaa?

SWALI: Shikamoo anko. Niko Ngamiani, Tanga. Nasikia kampuni za ndege zikishindana nauli inashuka, sasa mbona Desemba ya kwenda Unguja inapaa tu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Ushindani unashusha bei pale viti vinapozidi watu, siri ndo hiyo. Kampuni mpya ikiingia ruti inamwaga viti, na kiti kikishaondoka kitupu huwezi kukiuza kesho, ni kama samaki wa pale sokoni Deep Sea jioni na barafu imekwisha, kwa hiyo wote wanashusha. Unakumbuka Fastjet, ile kampuni ya ndege za bei poa, 2012? Dar kwenda Mwanza ilianzia sh 32,000 kabla ya kodi, watu wa basi miaka yote nao wakapanda ndege, raha kweli. Mwishoni mwa 2018 safari zake zikasimama, bei ile ikabaki stori.

Ruti za likizo zina vituko vyake. Mtalii akiona bei kubwa anabadilisha tarehe, hata kisiwa, so kampuni inamgombania kwa bei. Ila msimu ukiisha ndege inahamishiwa kwingine fasta, viti vinapungua. Na Desemba watu wanajaa wenyewe, nani atashusha?

Huku kwetu ndo balaa, vindege vya viti kumi na kitu, gharama za rubani na mafuta mnagawana wachache. Wewe kata tiketi mapema, Oktoba hivi, au subiri masika, bei inapoa kidogo ila mvua utaoga.