Kasha limekarabatiwa, limehifadhiwa au limerejeshwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninasaidia kazi katika makumbusho madogo huku pwani. Tuna kasha la msaji lenye misumari ya shaba. Kifuniko chake kilikuwa kimepasuka na kuliwa na wadudu. Walikuja wataalamu wakalishughulikia, na sasa nimepewa kazi ya kuandika kibao cha maelezo. Nimeandika hivi: "Kasha hili la kale limefanyiwa ukarabati mkubwa na kurudishwa katika hali yake ya awali." Mtaalamu mmoja amelikataa neno ukarabati, anataka niandike uhifadhi. Mkuu wangu naye anasema uhifadhi ni wa wanyama. Nani yuko sahihi? Na mtaalamu mwenyewe nimwite mhifadhi, mtunzaji au fundi?
Msaidizi wa makumbusho, Tanga

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mkuu wako usimcheke. Kwa Mtanzania wa leo mhifadhi ni mtu mwenye sare na bunduki anayefukuzana na majangili, na hifadhi ni Serengeti au Mikumi. Hifadhi hiyohiyo ndiyo iliyomo katika mifuko ya hifadhi ya jamii, na ndiyo simu yako inayokuuliza kama unataka kuifanyia picha uliyopiga. Neno limebebeshwa mizigo mingi. Hata hivyo mtaalamu wako ndiye aliyeshika haki, na sababu yake haiko kwa wanyama wala kwenye simu. Iko chuoni, namaanisha chuo cha Kurani.

Mtoto wa chuo akihifadhi juzuu, amefanya nini? Ameipokea kama ilivyo, haongezi herufi wala hapunguzi irabu, na akiitoa kifuani inatoka vilevile. Hakuna anayemsifu kwa kuipendezesha. Hiyo ndiyo maana ya zamani ya kuhifadhi katika Kiswahili cha pwani, na ndiyo roho ya kazi waliyoifanya wageni wako: kitu kifike kwa wajukuu na yale kinayoyasema, pamoja na makovu yake. Kwa bahati njema neno lenyewe tulikuwa nalo kabla ya makumbusho.

Sasa ukarabati. Tunakarabati barabara, madarasa, vivuko. Kila mara shabaha ni kukirudisha kitu kazini, na kikirudi kazini tunasema ukarabati umefanikiwa, hata kama nusu ya mbao zake ni mpya. Itazame Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina tulilolizoea. Miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke ikatolewa, ikawekwa ya dizeli. Kwa abiria wa Kigoma na Kasanga huo ni ukarabati, tena wa kushukuriwa, kwa sababu meli ni kusafiri. Lakini ingekuwa meli ya makumbusho, kuing'oa ile mitambo ya mvuke kungekuwa sawa na kumpasua mgonjwa ukamtoa moyo ili kitanda kipungue uzito. Kitendo ni kimoja na meli ni ileile. Kinachobadilika ni swali unalomwuliza aliyeifanya kazi: je, inatembea, au je, bado ni yenyewe?

Kasha lako halitabeba tena nguo za bi harusi. Kwa hiyo ukarabati haulifai, na ukarabati mkubwa ndio kabisa. Msomaji atadhani mmeleta msumeno.

Wataalamu wa fani hii nao walisumbuliwa na istilahi kama wewe. Mwaka 2008, kamati ya uhifadhi ya Baraza la Kimataifa la Makumbusho ilikutana New Delhi, ikakubaliana juu ya neno mama moja lenye watoto watatu. Kwa Kiswahili mimi ninawaita watoto hao kinga, tiba na urejeshaji, na mama yao ni uhifadhi. Kinga ni yote unayoyafanya kando ya kitu bila kukigusa: kukiondoa kwenye jua la dirishani, kupunguza unyevu wa chumba, kuwazuia mchwa, kukipa rafu nzuri. Tiba ni pale unapokigusa kwa sababu kuna uharibifu unaoendelea, na usipouzuia kitakwisha. Urejeshaji ni hatua ya mwisho. Nayo hukigusa kitu, lakini ili kieleweke zaidi, kwa kuwa kimepoteza sehemu ya sura au maana yake. Wengi wanaanzia hapo kwenye urejeshaji kwa sababu ndio unaopigwa picha. Rafu nzuri haina mgeni rasmi.

Hili neno urejeshaji nalo lina miiba yake. Usiandike marejesho. Siku hizi marejesho ni ya mkopo, na msomaji wako atalihurumia kasha akidhani limewekwa rehani kwa kikundi. Mwiba wa pili ni mkubwa zaidi. Ukisema tunataka kumrejesha yule mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria, kila mtu ataelewa kwamba unadai mifupa iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 itoke Berlin ije nyumbani. Mhifadhi naye akisema mjusi huyohuyo alirejeshwa mwaka 2007, atakuwa anazungumzia jambo jingine kabisa. Mwaka huo makumbusho ya Berlin yalimsimamisha upya, miguu ikiwa imenyooshwa na mkia umeinuliwa, tofauti na alivyosimamishwa mwaka 1937, kwa sababu elimu ya wanyama hao ilikuwa imesogea. Mjusi alirejeshewa umbo, nyumbani hakurejeshwa. Unaona jinsi herufi moja tu ya kauli ya kutendea inavyotuokoa? Kurejesha kitu ni kukipeleka kilikotoka. Kukirejeshea kitu umbo, rangi au mguu ni kazi ya karakana. Basi shika hiyo: rejeshea, na useme umerejeshea nini. (Umbo la mjusi huyo hakuna binadamu aliyewahi kuliona, lakini hilo tuwaachie wenyewe.)

Kuna hatua moja zaidi, nayo isiitwe urejeshaji. Sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka Unguja tarehe 25 Desemba 2020. Ukuta ulioanguka ukisimamishwa tena kwa mawe na chokaa ya leo, hata ufuate michoro yote, umejengwa upya. Kiswahili kina neno jenga na kina neno upya. Tusione haya kuyatumia.

Narudi kwenye kibao chako, kwa sababu kosa kubwa halimo katika ukarabati. Limo katika "hali yake ya awali". Awali ipi? Siku lilipotoka mkononi mwa seremala? Siku lilipoingia nyumbani kwa mwenyewe? Au siku lilipoletwa kwenu? Kuna jambo nimelipenda katika makumbusho kadhaa ya nchi zetu, nalo ni vibuyu vilivyoshonwa. Kibuyu kilipata ufa, mwenyewe hakukitupa, akatoboa vitundu pande zote mbili, akakishona kama mtu anayeshona nguo. Huyo alitengeneza, na neno tengeneza namwachia yeye, kwa maana alitaka maziwa yake yasimwagike. Mhifadhi akikikuta kibuyu hicho, hatoi uzi ule ili akirudishe awali. Uzi nao ni kibuyu. Hebu lichunguze kasha lako vizuri, huenda lina kiraka cha namna hiyo.

Nikija kwenye maneno ya uharibifu, hapa Kiswahili kimetajirika, na inaniuma kuona taarifa za makumbusho zikiandika tu "kimeharibika". Mbao hupasuka, hupinda, hubunguliwa. Rangi hupauka kwa jua, huchujuka kwa maji, hubanduka ikiachana na kilichoibeba. Jiwe humeguka, ukuta humomonyoka. Ngozi huchubuka, sufuria hubonyea. Nguo hutatuka ikikwama kwenye msumari, lakini mshono hufumuka, na tofauti hiyo mhifadhi wa nguo anaihitaji sana, kwani kilichofumuka kina nyuzi zake zote na kilichotatuka hakina. Chuma hula kutu ikawa nyekundu, shaba kutu yake ni ya kijani. Kila kitenzi hapo ni utambuzi wa ugonjwa. Bibi yako aliyafahamu yote bila kozi.

Tena angalia: mengi yake yana -ka mwishoni. Kauli hii ya kutendeka ndiyo zawadi ya Kiswahili kwa mwandishi wa taarifa ya hali ya kitu. "Mguu umevunjika" unasema ulichokiona. "Mguu umevunjwa" unamtafuta mtu, na huna ushahidi wake. Taarifa nzuri ya hali huandikwa kwa -ka mpaka uthibitisho upatikane. Kinyume chake, ukifika kwenye kazi iliyofanywa na karakana, usijifiche nyuma ya -ka. Hapo sema limeungwa, limesafishwa, limejazwa, kwa kuwa mtendaji yupo na ana jina kwenye faili. Nimesoma taarifa moja iliyosema "rangi ya juu imetoka wakati wa usafi". Imetoka yenyewe, ikaaga?

Gundi nayo inataka neno. Wahifadhi hupenda kazi yao iweze kuondolewa baadaye bila kukiumiza kitu, kwani huenda wa kesho akawa na njia bora. Gundi ya zamani ya maseremala, ile ya ngozi na mifupa, hulainika kwa unyevu na joto. Utomvu wa karakana uitwao Paraloid B-72 huyeyuka ukiguswa na asetoni. Nimesikia watu wakisema gundi "inayogeuzika" au "inayorudi nyuma", na zote mbili zinanichekesha. Sisi tuna kutengua. Udhu hutenguka, kauli hutenguliwa, uteuzi hutenguliwa karibu kila wiki. Semeni gundi inayotenguka. Neno hili lina faida nyingine, kwamba linakumbusha kuwa kilichotenguka si kilichovunjika.

Kuhusu wadudu, chungeni neno kufukiza. Kwa wataalamu ni kuua wadudu kwa hewa ya sumu, lakini kwa msomaji wa Tanga kasha likifukizwa ni udi na ubani, na atakuja kulinusa. Kama wageni wako walilifunga kwenye nailoni na kulitia kwenye friza, nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili, andika limegandishwa kwa baridi. Usiishie kwenye limegandishwa, maana kugandisha ni kunatisha pia, na wewe tayari una gundi katika sentensi hiyohiyo.

Mtaalamu tumwiteje? Mhafidhina hapana, huyo ni wa siasa, ingawa ni ndugu wa shina moja. Mtunzi pia hapana: anatoka katika kutunga, ile ng imegeuka nz mbele ya i, naye yuko na mashairi yake. Kutunza hutoa mtunzaji, na huyu ninampa kazi ya yule anayesimamia mkusanyo, anayejua kipi kimetoka wapi na kipi kionyeshwe lini. (Kumtunza mwimbaji taarabu ikikolea ni habari nyingine, na bajeti nyingine.) Anayekitibu kitu ni mhifadhi, lakini asiachwe peke yake, mwambatanishie anachokihifadhi: mhifadhi wa mbao, mhifadhi wa karatasi, mhifadhi wa nguo, kama tusemavyo daktari wa meno. Hapo hata mkuu wako hatamwona tena na bunduki.

Fundi si tusi, na sitaki atolewe kwenye kibao ikiwa alikuwepo. Anayejua kukandika, kutomea na kusiriba ukuta wa mawe kwa chokaa, bila kuubana kwa saruji isiyouacha upumue, anaokoa majumba ya Mji Mkongwe na Lamu kuliko warsha nyingi nilizohudhuria. Kama seremala wenu aliunga ule ufa chini ya macho ya mhifadhi, waandike wote wawili.

Basi kibao chako ningekiandika hivi:

"Kasha la msaji lenye misumari ya shaba. Kifuniko kilikuwa kimepasuka na kubunguliwa na wadudu. Limegandishwa kwa baridi ili kuua wadudu, na ufa umeungwa kwa gundi inayotenguka. Kiraka cha bati kwenye kona kiliwekwa na mwenyewe alipokuwa akilitumia, nasi tumekiacha."

Kiraka nimekibuni mimi, ndugu yangu, kwa sababu sijaliona kasha. Nenda kaangalie kona zote nne na chini yake. Usipokipata, ifute sentensi ya mwisho. Ukikipata halafu mchonga kibao akalalamika kuwa nafasi haitoshi, mwambie apunguze kwingine.