Mwanga Usioujua Ukiwa Zamu: Maneno kwa Kadeti Wapya

Vijana mnaojiandaa kupanda meli kwa mara ya kwanza, mtafundishwa rada, dira na Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, lakini ni nadra mtu kuwaambia mfanye nini usiku mtakapoona angani kitu msichokielewa. Mimi sikuambiwa. Nikiwa kadeti katika Mlango wa Msumbiji, zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri ikikaribia kwisha, niliona mwanga mkali wa rangi ya machungwa juu kidogo ya upeo wa bahari, nikamwambia ofisa wa pili kwamba kuna chombo kinatufuata. Akaniuliza, "Uko nyuzi ngapi za dira?" Sikuwa na jibu. Alipoupima mwenyewe mara kadhaa tukaona kwamba ulikuwa ukipanda taratibu pamoja na nyota za mashariki: ilikuwa Zuhura. Sayari iko mbali mno kiasi kwamba meli hata ikienda maili nyingi haiiachi nyuma, na ndiyo maana mtu hudhani anafuatwa.

Kabla ya kustaajabu, jiulizeni kwanza kama kuna mtu anayeomba msaada. Roketi ya dharura yenye mwavuli hupaa si chini ya mita 300 na kuwaka mwanga mwekundu kwa sekunde zisizopungua 40 huku ikishuka polepole, na kwa mbali, nyuma ya wingu jepesi, huweza kuonekana kama kitu kinachoelea. Mkiona mwanga mwekundu msioujua, mwamsheni nahodha na msikilize redio kwenye chaneli ya 16, ile ya kuombea msaada. Nahodha aliyeamshwa bure atarudi kulala. Aliye kwenye mashua inayozama hana roketi nyingi.

Baada ya hapo, andikeni. Mfano ninaoupenda ni wa meli ya jeshi la majini la Marekani, USS Supply, ambayo tarehe 28 Februari 1904 ilikuwa katika Pasifiki, nje ya San Francisco. Luteni Frank Schofield alieleza kwamba vitu vitatu vyekundu vilikuja kuelekea melini chini ya mawingu, kisha vikapaa na kupita juu ya mawingu hayohayo. Kikubwa kilikuwa na umbo la yai na eneo kama la majua sita, na vilionekana kwa zaidi ya dakika mbili na watu watatu ambao maelezo yao yalikubaliana. Yeye aliviita vimondo, ingawa vimondo havina desturi ya kupaa. Taarifa yake ilichapishwa mwaka huohuo katika jarida la hali ya hewa la Marekani, nasi leo tunaweza kuijadili kwa sababu alitaja ukubwa, mwelekeo, muda na mashahidi.

Msitegemee kamera peke yake. Pembetatu zilizopigwa picha kutoka meli ya USS Russell mwaka 2019 ziliushangaza ulimwengu, hadi ofisa wa ujasusi wa jeshi la majini alipoliambia Bunge la Marekani, Mei 2022, kwamba umbo lile lilitokana na mwanga kupita kwenye miwani ya kuonea usiku kabla ya kufika kwenye kamera, na kwamba vitu vyenyewe vilidhaniwa kuwa droni.

Andikeni basi saa, mahali meli ilipo, nyuzi za dira, na urefu juu ya upeo kwa nyuzi. Ngumi ya mkono ulionyooshwa mbele ya uso hufunika takriban nyuzi 10. Semeni kama rada ilionyesha kitu au la. Kila aliyeona aandike peke yake kabla ya kuzungumza na mwenzake, kwa kuwa nimewahi kuona mabaharia wanne wakiingia chumba cha kulia na maelezo manne, wakatoka na moja, na hilo moja halikuwa la yeyote kati yao.