Kwa nini mkondo wa modeli yangu unapanda taratibu badala ya kuruka?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu molekuli ya C60 (mpira wa atomi 60 za kaboni) iliyokaa kati ya elektrodi mbili za dhahabu. Nimetumia DFT (njia ya kukokotoa elektroni kwa msongamano wake) pamoja na fomula ya Landauer (inayopata mkondo kutokana na uwezekano wa elektroni kupenya). Grafu yangu ya mkondo dhidi ya volteji inapanda kidogo kidogo, ila majaribio yaliyochapishwa yanaonyesha mkondo ukikaa sifuri, halafu unaruka ghafla. Nimeongeza usahihi wa hesabu kila nilipoweza, grafu ni ileile. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Usahihi wa hesabu uache, hauna kosa. Njia uliyochagua haijui kwamba elektroni huhesabiwa moja moja.

Kabla ya kugusa programu yoyote, pima nishati tatu: Γ, yaani upana ambao kiwango cha molekuli kinapata kwa kugusana na elektrodi, U, gharama ya kuongeza elektroni moja, na kT, nishati ya joto. Katika jaribio la Berkeley la mwaka 2000, C60 ilipogeuzwa transista, halijoto ilikuwa 1.5 K, sawa na kT ya takriban 0.13 meV (milielektronivolti). U ya kitu kidogo namna hiyo inazidi 100 meV. Na C60 pale imeegemea tu dhahabu, haikufungwa kwa bondi imara, kwa hiyo Γ ni ndogo mno mbele ya U. Hicho ndicho kizuizi cha Coulomb: elektroni iliyomo ndani inaizuia ya pili isiingie mpaka volteji ilipe gharama yote.

DFT ya kawaida inaona chaji ya wastani tu. Volteji ikipanda, inaijaza molekuli elektroni 0.1, kisha 0.3, kisha 0.5. Kila kipande kikiingia, kiwango kinasogea juu, na mruko unatawanyika kwenye upana wa volteji unaolingana na U. Lakini hakuna konda aliyewahi kupakia nusu abiria. Molekuli ina elektroni N au N+1. Wastani unatokana na muda inaokaa katika kila hali.

Basi andika milinganyo ya uwezekano wa hali hizo. Elektroni ya ziada ikiingia kutoka kushoto ina spini mbili za kuchagua (juu au chini), hivyo kasi ni 2Γ_L/ħ, ambapo Γ_L na Γ_R ni sehemu za Γ za elektrodi ya kushoto na ya kulia, na ħ ni kigezo cha Planck kilichogawanywa kwa 2π. Upande wa kulia inatoka ileile moja iliyomo, kwa kasi Γ_R/ħ. Volteji ikishavuka kizingiti, na U ikiwa kubwa, unapata:

I = (e/ħ) · 2Γ_LΓ_R / (2Γ_L + Γ_R)

Jaribu Γ_L = 0.01 meV na Γ_R = 0.001 meV. Mkondo ni kama 0.23 nA. Geuza volteji: 0.41 nA! Ukipuuza U utapata 0.44 nA pande zote mbili. Spini inasaidia pale tu foleni ikiwa mlangoni pa kuingilia. Tofauti hiyo itafute kwenye data. Mimi naiamini kuliko umbo la grafu.

Uzuri mwingine ni kwamba hali zinaongezeka kirahisi. Jaribio lile lilionyesha C60 ikitetemeka juu ya dhahabu kwa nishati ya kama 5 meV; ongeza hali za mtetemo, na ngazi ndogo zitajitokeza kwenye grafu.

DFT usiitupe. Itumie kukadiria U kwa E(N+1) + E(N−1) − 2E(N), E ikiwa nishati ya jumla ya molekuli yenye idadi hiyo ya elektroni, ila dhahabu iwemo kwenye hesabu. C60 ikiwa peke yake hudai 7.6 eV kutoa elektroni na hurudisha 2.7 eV tu ikiongezewa moja. Ukibeba pengo hilo la 4.9 eV hadi kwenye transista umepotea, kwa sababu dhahabu iliyo jirani hulipunguza sana.

Landauer nayo ina pake: hidrojeni kati ya ncha za platinamu, kwa mfano, ambako mshikamano ni imara na upitishaji unakaribia 77.5 µS (mikrosimens), yaani ule wa njia moja iliyo wazi kabisa. Γ ikikaribiana na U kwenye baridi kali, njia zote mbili hazitoshi, maana hapo athari ya Kondo (spini ya molekuli kufungamana na elektroni za elektrodi) inaingia, kama ilivyoonekana mwaka 2002 kwenye molekuli zenye kobalti. Kwa C60 yako, anza na hali tatu tu: tupu, spini juu, spini chini.